Kutoka mkekani hadi mtandaoni: mwongozo kamili wa kugeuza gemu ya karata kuwa ulimwengu wa wachezaji wengi

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana gemu yake ya karata. Ameichora, ameicheza na wenzake mpaka karata zimechakaa pembe, na sasa anataka watu walioko Mwanza, Mombasa na Muscat waingie humo kwa pamoja, watembee, wakutane njiani, wapigane na kubadilishana karata.

Sizungumzii kuweka meza ya karata kwenye simu. Hiyo ni kazi nyingine, na ni nyepesi zaidi. Magic: The Gathering, gemu iliyobuniwa na Richard Garfield na kutoka mwaka 1993, ilipata meza yake ya mtandaoni, Magic Online, 2002, kisha ikapata nyingine, Arena, iliyotoka rasmi 2019. Ulimwengu una mambo yake. Karata hizohizo zilipogeuzwa kuwa dunia ya kutembea na kupigana, kwa jina Magic: Legends, majaribio ya wazi yalianza Machi 2021 na seva zikazimwa Oktoba 31 mwaka huohuo. Nyuma yake palikuwa na studio yenye uzoefu na karata zenye mashabiki dunia nzima. Kwa hiyo tuingie kwa adabu.

Jambo moja nitalirudia mpaka ulichoke: kinachotakiwa kuhama ni ule uamuzi wa mkononi. Una karata tano, utatoa moja, na ukishaitoa imetoka. Ukihamisha majini na mapanga na majumba ya dhahabu, halafu uamuzi ukauacha mkekani, utakuwa umejenga gemu ya kukimbizana yenye picha za karata.

Mifano nitaitoa kwenye gemu yetu, mimi na wenzangu wawili, tuliyoianza Tanga tukiwa na karata 80 zilizotoka kwenye ngano za pwani. Kila mchezaji ana fungu la karata 20, anashika tano mkononi.

Hatua ya 1: Hakikisha karata ni zako

Fupi, lakini usiiruke. Wazo la sheria za mchezo kwa kawaida halilindwi na hakimiliki. Kinacholindwa ni maandishi, michoro, majina na wahusika. Hata hivyo kufanana kupita kiasi kunaweza kukufikisha mahakamani: waliotengeneza Hex, gemu ya karata iliyochangiwa na mashabiki zaidi ya dola milioni 2 mwaka 2013, walishtakiwa na wenye Magic mwaka uliofuata, wakapatana 2015. Wewe huna wakili wa muda wote huo.

Ngano za zamani kwa kawaida hazina mwandishi mmoja wa kukudai, na tuna utajiri wa kutosha, ila ulizia kwanza sheria ya nchi yako inasemaje kuhusu kuzitumia kibiashara. Mchoro wa rafiki yako una mwenyewe. Andikeni karatasi moja, hata ya mkono, inayosema nani alichora nini na gemu ina ruhusa gani, kabla pesa haijaingia. Jina la gemu linasajiliwa kama alama ya biashara: BRELA kwa Tanzania Bara, KIPI kwa Kenya.

Hatua ya 2: Daftari la karata

Chukua daftari la kaunta au jedwali la kompyuta, kila karata mstari mmoja, nguzo tano: jina, hufanya nini kwa sentensi moja, nani anaitoa na kwa gharama gani, athari yake hudumu muda gani, na nguzo ya tano ambayo mezani hukuwahi kuihitaji: nini kinabaki duniani pambano likiisha.

Hii hapa moja ya kwetu, kama ilivyokuwa kwenye karatasi (gharama hulipwa kwa nguvu ya ardhi, na nyika ni mojawapo):

NUNDA. Gharama: nyika 2. Nguvu 1, uhai 2. Kila Nunda akiua kiumbe, anaongezeka nguvu 1 na uhai 1.

Anayeijua ngano anamkumbuka: paka wa sultani anayeanza na mifugo, sultani anamtetea, mwisho anakula watu. Mkekani ilikuwa karata tamu kuliko zote. Nguzo ya tano tuliiacha tupu. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Ukishamaliza daftari utagundua karata kama moja ya tano hazielezeki kwa sentensi moja. Hizo ziweke kando. Karata inayohitaji sentensi tatu itahitaji siku tatu za kuandika programu na itazaa hitilafu tatu.

Hatua ya 3: Amua mchezaji ni nani

Mezani swali hili halina uzito, kwa sababu mchezaji ni wewe, umekaa, unakunywa chai. Duniani lazima awe na miguu. Kuna majibu matatu. Mchezaji ni mganga au mchawi, na karata ni uganga wake. Au mchezaji ni mfugaji, na karata ni viumbe anaotembea nao. Au mchezaji ni mmoja wa wahusika wenyewe, na karata ni vifaa na mbinu zake.

Chagua moja. Mchanganyiko wa mbili huleta maswali ya kipuuzi ambayo wachezaji watayauliza siku ya kwanza: kama simba wangu ni karata, kwa nini ananifuata barabarani? Kama ananifuata, kwa nini yuko pia mkononi?

Mfano mzuri wa jibu la kwanza ni Wizard101, iliyotoka Septemba 2008. Mchezaji ni mwanafunzi wa shule ya wachawi, karata ni uchawi wake, na pambano ni la zamu: ukikaribia adui unavutwa kwenye duara, na rafiki akipita anaingia duarani kukusaidia, hadi wanne upande mmoja. Pale karata zimepandwa ndani ya ulimwengu wenyewe, na ndiyo maana mshono hauonekani. Kaa saa moja uicheze kabla hujaandika chochote.

Hatua ya 4: Zamu, hapa ndipo gemu nyingi hufia

Mezani mnasubiriana. Duniani watu 30 hawawezi kumsubiri mmoja aliyekwenda kuteka maji.

Magic: Legends ilichagua mwendo wa papo kwa papo. Mchezaji alikuwa na fungu la uchawi 12, akionyeshwa minne kwa bahati nasibu, akitumia mmoja unakuja mwingine. Kwenye karatasi ni wazo zuri. Ila kwa maoni yangu, mtu anayekimbizwa na maadui kumi hana nafasi ya kusoma alicholetewa. Anabonyeza tu kinachowaka. Bahati nasibu ya karata inanoga pale tu unapopata muda wa kuitazama na kusononeka kidogo.

Ninachopendekeza: kutembea kuwe huru, pambano lifungwe kwenye duara, na ndani ya duara wote wachague kwa siri ndani ya sekunde 20, kisha karata zote zifunuliwe pamoja. Anayechelewa anahesabiwa amepita. Anayekuja kusaidia anaingia mwanzo wa raundi inayofuata, mwisho watatu kwa watatu.

Kuna sababu nyingine ya kupenda zamu, na hii ni yetu sisi tunaotumia bando. Kutoka Dar, ujumbe wangu kwenda seva ya Ulaya na kurudi ulikuwa unachukua milisekunde 160 siku njema, na mvua ikinyesha sitaji. Kwenye gemu ya ngumi hiyo ni kifo. Kwenye raundi ya sekunde 20 hakuna anayejua. Hata RuneScape, dunia kubwa iliyodumu tangu 2001, hukusanya matendo ya wachezaji kwa mipigo ya sekunde 0.6, wala watu hawajaikimbia.

Sasa tatizo la karata za kudakiza. Kwenye Magic unaweza kujibu karata ya mwenzako kabla haijafanya kazi, naye akajibu jibu lako, na zinapangana kama sahani: ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuondolewa. Wawili mezani, raha tupu. Watu sita duarani, kila mmoja ametoa karata moja, na seva imuulize kila mmoja baada ya kila karata "unajibu?": maswali 36 kwa raundi. Sisi tuligeuza karata zote za kudakiza kuwa mitego. Unaitega mwanzo wa raundi, kifudifudi, unataja inachosubiri ("akitoa kiumbe", "akiniloga"), na kikitokea inafyatuka yenyewe. Tulipoteza ule utamu wa kudakiza papo hapo. Tukapata utamu wa kumtazama mtu akijiuliza kama ile karata iliyolala ni mtego au chambo.

Hatua ya 5: Cheza ulimwengu mzima juu ya mkeka

Usiguse kompyuta bado. Tandika mkeka, chora maeneo sita kwa chaki au vipande vya khanga, kokoto ndiyo wachezaji. Mtu mmoja awe seva. Yeye hachezi: anashika mafungu yote, anachanganya, anagawa, anasema "umefika mikokoni, kuna mamba", anaandika kila tukio kwenye daftari. Hakuna anayegusa karata bila yeye.

Ukifanya hivi alasiri mbili utajua mambo ambayo programu ingekuchukua miezi. Kwetu aliyekuwa seva alichoka baada ya dakika 40, na alipochoka tulijua ni wapi: kila karata iliyosema "mpaka utakapotoka eneo hili" ilimlazimu akumbuke watu wanne walikuwa wapi. Kinachomchosha mtu mwenye daftari kitaichosha programu yako pia, kwa maana ya hitilafu. Tukazipunguza karata hizo kutoka 11 hadi tatu.

Hapohapo fanya hesabu. Ukiweka nakala mbili za karata katika fungu la 20 na kuanza na tano mkononi, uwezekano wa kuanza nayo ni kama asilimia 45. Nakala moja ni asilimia 25. Kama mbinu nzima ya mchezaji inategemea karata yenye nakala moja, mara tatu kwa nne ataanza pambano mikono mitupu, na duniani, tofauti na mezani, hawezi kusema "tuanze upya". Ndiyo maana mafungu ya duniani huwa madogo kuliko ya mezani. Magic hudai karata zisizopungua 60. Usinakili namba hiyo.

Hatua ya 6: Ramani itoke kwenye gharama za karata

Swali ninaloulizwa sana ni ramani iwe kubwa kiasi gani. Ndogo. Anza na maeneo 12. Wachezaji 20 katika maeneo 400 hawataonana mwezi mzima, na ulimwengu usio na watu ni msitu wa mabango. Dunia ya kwanza ya aina hii, MUD ya Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, iliyoanza 1978, ilikuwa maandishi matupu: unaandika neno, unahama chumba. Mpaka leo kuanza na maandishi na picha moja kwa kila eneo ni njia halali kabisa, na ni rafiki wa simu ndogo.

Mahali pa kupata ramani ni kwenye kona ya karata, pale palipoandikwa gharama. Magic ina ardhi tano, uwanda, kisiwa, kinamasi, mlima na msitu, na kila moja hutoa nguvu ya rangi yake. Mezani ardhi ni karata. Duniani ardhi iwe ardhi. Sisi tuna pwani, mikoko, kisiwa, nyika na mlima. Ukipigania nyikani, kila raundi unapata nguvu moja ya nyika bure. Nyingine unabeba kwenye kibuyu chenye nafasi tatu, ulichokijaza huko ulikopita.

Kanuni hiyo moja ilizaa safari. Mwenye karata za mlima akitaka kuvuka mikoko lazima ajaze kibuyu kwanza, na majambazi wanajua hivyo, wanamsubiri upande wa pili akiwa mkavu. Hakuna mstari hata mmoja wa hadithi tuliouandika kwa ajili hiyo.

Hatua ya 7: Seva ndiyo mwenye karata

Simu ya mchezaji iwe kama dirisha: inaonyesha na inapeleka maombi. Karata, fungu, mpangilio, uhai, kibuyu, vyote vikae kwenye seva. Simu isipewe hata siri moja ambayo mchezaji hatakiwi kuiona. Ukituma mkono wa adui kwa simu yangu "uliofichwa", kesho kijana wa kidato cha tatu atakuwa anausoma.

Kila ombi lipite maswali matatu: huyu ni yeye? Ni wakati wake? Anacho anachotaka kukitumia? Likipita, liandike kama tukio kwenye daftari la seva, kisha hali mpya itokane na tukio hilo. Daftari la matukio litakuokoa siku mtu atakapolalamika kwamba karata yake imeibwa, kwa sababu utairudisha filamu nyuma na kutazama.

Kuchanganya karata kunastahili aya yake. Tumia njia ya Fisher na Yates: anza karata ya mwisho, ibadilishe na yoyote iliyo kabla yake au yenyewe, rudi moja nyuma, endelea mpaka mwanzo. Mistari minne ya programu. Kosa halimo humo, limo kwenye bahati nasibu unayoilisha. Mwaka 1999 watafiti walionyesha jinsi ya kusoma karata zote za wapinzani kwenye programu moja ya poka mtandaoni. Karata 52 zinaweza kupangika kwa namna zenye tarakimu 68, lakini programu ilikuwa inaanzisha bahati nasibu yake kwa milisekunde zilizopita tangu usiku wa manane, na siku nzima ina milisekunde milioni 86.4 tu. Ukilinganisha saa yako na ya seva zinabaki laki chache, na ukiona karata tano unajua zilizobaki. Tumia bahati nasibu ya usalama inayotoka kwenye mfumo endeshi, ile inayotumika kutengeneza funguo za siri. Karibu kila lugha ya programu inayo.

Na weka kikomo: raundi moja isizidi matukio 100. Karata mbili zinazoamshana zitapatikana, hilo ni hakika, na bila kikomo seva itazunguka mpaka utakapoamka.

Hatua ya 8: Nguzo ya tano

Turudi kwa Nunda. Wiki ya pili ya majaribio, Jumamosi asubuhi, mdogo wangu alinipigia simu kabla sijanawa uso.

"Kaka, Nunda kamaliza mbuzi wote."

"Nunda wa nani?"

"Sijui wa nani. Yupo tu."

Ilikuwa hivi. Mchezaji alimtoa Nunda nyikani Ijumaa usiku, simu ikazima chaji, duara likafungwa bila yeye. Hakukuwa na kanuni ya nini kinabaki, kwa hiyo Nunda akabaki. Tulikuwa tumeweka mbuzi wa nyikani wazaliwe kila dakika tatu ili wageni wapate cha kuwinda. Usiku kucha Nunda aliwala mmoja mmoja. Nilipofungua hifadhidata alikuwa na nguvu 214. Mchezaji mwenye uhai mwingi kuliko wote alikuwa na 30. Watu wanne walikuwa wamejaribu kumkabili alfajiri, na yeye akaongezeka nne.

Mezani karata ile ilikuwa haina kosa, kwa sababu meza hufuta kila kitu mkikunja mkeka. Ulimwengu haukunjwi. Si sisi peke yetu: Ultima Online, gemu ya ulimwengu wa wachezaji wengi ya 1997, ilibuniwa na mfumo wa wanyama wanaokula nyasi na wanaokula wanyama, wachezaji wakachinja vyote haraka kuliko vilivyoweza kuzaana, mfumo ukaondolewa. Septemba 2005 kwenye World of Warcraft, gemu nyingine ya aina hiyo, ugonjwa wa damu uliowekwa kwa ajili ya pambano la bosi (adui mkuu) mmoja ulitoka nje ukiwa umebebwa na wanyama wa wachezaji, ukamwagika mijini, na wageni wasio na uhai wa kutosha wakawa wanaanguka barabarani. Watafiti wa magonjwa ya mlipuko waliandika juu yake. Kosa ni lilelile: athari ya duara ilivuka duara.

Kwa hiyo kaa chini na nguzo ya tano, karata kwa karata. Majibu yanayoruhusiwa yawe matatu tu. Inafutika duara likifungwa: hizi ziwe nyingi mno, kwetu 71 kati ya 80. Inabaki kwa mmiliki, kama jeraha au kovu. Au inabaki mahali, nayo lazima iwe na tarehe ya kufa na kilele cha ukubwa. Nunda sasa anabaki mahali kwa saa sita, kilele nguvu 12, na anayemuua anapewa karata. Hatukutaka kumfuta. Wachezaji walikuwa wameanza kumwogopa, na hofu ya namna ile hainunuliki.

Hatua ya 9: Kukusanya bila kukamuana

Karata za karatasi zina uhaba wa kweli: kiwanda kimechapa kadhaa, basi. Za mtandaoni uhaba ni namba uliyoiandika wewe, na mchezaji anajua.

Kwanza hesabu ambayo wauza paketi hawapendi. Tuseme karata 80 zina nafasi sawa. Ili mtu azipate zote kwa bahati tupu, atahitaji kwa wastani kufungua karata 397. Ile ya mwisho pekee itamgharimu 80. Paketi ya karata tano ukiiuza jero (shilingi 500), utamwambia "ni jero tu", na kukamilisha kutamgharimu kama shilingi 40,000. Na hapo hujaweka karata adimu bado. Fanya hesabu hii kwa gemu yako, uandike jibu ukutani, kisha ujiulize kama ungemwambia mtoto wa jirani namba hiyo usoni.

Dawa yake ni kufanya nakala za ziada ziwe na kazi. Kwetu nakala nne zinayeyushwa kwa karata moja unayoitaka. Arena ina karata za badala zinazogeuka kuwa yoyote ya daraja lake, lakini imefunga kabisa kubadilishana kati ya wachezaji. Magic Online, kinyume chake, ina soko. Kwa meza, kufunga kunafaa. Kwa ulimwengu, kufunga ni kuua mji: watu wakutane sokoni kufanya nini?

Fungua kubadilishana karata kwa karata, na ogopa soko la pesa taslimu. Gemu ya Diablo III ilifungua mnada wa vifaa 2012, ikiwamo kwa pesa halisi, ikaufunga Machi 2014 kwa sababu watu walikuwa wanapata vitu mnadani badala ya kucheza. Artifact, gemu ya karata ya kampuni ya Valve, ambayo Garfield mwenyewe alishiriki kuibuni, ilitoka Novemba 2018 kwa dola 20 za kuingia, na karata zinauzwa sokoni juu yake. Machi 2021 ilisimamishwa na kuachwa bure.

Kubadilishana kuandikwe kama muamala mmoja kwenye hifadhidata: ama karata zote mbili zihame, ama isihame hata moja. Kila nakala iwe na namba yake ya pekee. Usipofanya hivyo mtu atachomoa mtandao katikati ya mabadilishano na kubaki na zote mbili, na ndani ya wiki karata yako adimu itakuwa kama mchanga.

Na kuhusu paketi za bahati nasibu zinazolipiwa: China ilianza 2017 kudai uwezekano utangazwe, Ubelgiji 2018 ikasema baadhi ya paketi za namna hiyo ni kamari. Pesa ikiingia na kinachotoka ni bahati, onana na mwanasheria na mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya nchi yako kabla, usisubiri barua. Sisi tuliamua paketi zipatikane kwa kucheza tu, na tunauza nguo za wahusika.

Hatua ya 10: Bando, kukatika, kurudi

Ujumbe mmoja wa kwetu una wastani wa baiti 200. Pambano la raundi kumi, watu wawili, halifiki kilobaiti 30. Kinachokula bando ni picha: 80 kwa kilobaiti 30 ni megabaiti 2.4, kwa hiyo zishushwe mara moja, zibaki kwenye simu. Usipeleke video. Ukiona mtu wa timu anataka video ya ufunguzi, mnunulie bando la siku la megabaiti chache umwambie acheze kwa hilo.

Mtandao ukikatika mchezaji asife. Mpe sekunde 90 huku anahesabiwa amepita, na akirudi seva imtumie hali nzima upya, si yaliyompita. Kupatanisha yaliyompita kulitula wiki mbili, kutuma upya kulituchukua alasiri moja.

Mahali pa seva, pima badala ya kukisia. Ramani inasema Cape Town ni karibu kuliko Frankfurt. Kebo zina mawazo yao.

Hatua ya 11: Kufungua, kubadilisha, kufunga

Fungua kwa watu 20 wanaojuana, na waambie mapema kwamba karata zote zitafutwa majaribio yakiisha. Kisha 100. Kaa ndani ya gemu nao jioni, kwa jina la kawaida. Wapo watakaotaka kushinda, watakaotaka kuzurura, watakaokuja kupiga soga na watakaokuja kuwasumbua wengine. Richard Bartle, mmoja wa waliotengeneza ile MUD ya Essex, aliwaainisha hivyo miaka ya 1990, na hawajabadilika. Wa soga wapewe baraza la kukaa. Wasumbufu wapewe eneo moja la hatari lenye zawadi nzuri, na bango mlangoni.

Utalazimika kubadilisha karata. Karatasi iliyokwisha kuchapwa haibadiliki, kwa hiyo mezani karata inayoharibu mchezo hupigwa marufuku. Mtandaoni unaweza kuandika upya maneno yake. Lakini mtu aliitafuta siku 20 kwa sababu ya maneno yale. Hearthstone, gemu nyingine ya karata ya mtandaoni, ikipunguza nguvu ya karata, kwa muda humrudishia mchezaji thamani kamili akitaka kuiyeyusha. Iga hilo. Tangaza mabadiliko siku saba kabla, andika sababu kwa Kiswahili kinachosomeka.

Andika pia, leo, utafungaje. Magic: Legends ilipozimwa ilirudisha pesa ambazo wachezaji walikuwa wametumia. Kama huwezi kuahidi hivyo, usichukue pesa nyingi. Sisi tulitengeneza kitufe kinachochukua fungu la mchezaji na kulipanga kwenye karatasi ya A4, karata tisa kwa ukurasa, milimita 63 kwa 88 kila moja, tayari kwa mkasi. Tulikiweka kwa ajili ya siku ya kufunga. Wachezaji wamekigundua mapema, na wiki iliyopita nilimkuta kijana stendi ya mabasi akiwa na Nunda wa karatasi mfukoni, kilele chake, 12, kimeandikwa kwa kalamu ya wino.